Wiki Sita za Mama

Mpaka leo, mwezi wa saba ukifika katikati, masikio yangu husikilizia baiskeli. Ndivyo mama alivyokuwa akirudi nyumbani Ihanda: amepakiwa nyuma ya baiskeli, begi mapajani, nami nakimbia kumpokea kwenye mibuni ya mwisho.

Vita vya huko mpakani vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Mama alikuwa yaya wa Waingereza waliokuwa wakifundisha upande wa Kituntu, na alilala hukohuko. Mimi nililelewa na bibi, mama yake, nikimwona mama Jumapili mojamoja. Waingereza wale walikuwa na binti wa umri wangu. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, ingawa hakuwahi kunikosea lolote. Yeye ndiye aliyeogeshwa na mama yangu.

Lakini kila kiangazi walikwenda kwao kupumzika, wiki sita, na mama akawa wangu. Siku ya kwanza alikata nyasi mbichi akazitandaza sebuleni, nyumba nzima ikanukia. Tulichuma kahawa, tukaianika mikekani, na jioni nilimlalia mgongoni mpaka akashindwa kumenya ndizi. Krismasi ilikuwa haioni ndani.

Kiangazi kimoja alitumiwa kadi ya posta yenye picha ya watu wamelala mchangani, kando ya bahari. Bibi aliigeuzageuza.

“Waitu, jamani, hawa wote wanaumwa?”

“Wanapumzika, mama.”

“Uchi hivi? Wameanikwa kama kahawa!”

Mama alicheka hadi machozi, kisha akatueleza aliyosimuliwa. Waingereza huzingojea siku hizo mwaka mzima. Zikifika hupakia garini watoto, ndoo na vikoleo vidogo vya kuchezea mchanga, wakaenda baharini kutafuta jua. Jua likigoma hawarudi nyumbani. Hukaa mlemle garini, wakanywa chai na kuitazama mvua.

“Kisa?” bibi aliuliza.

“Likizo haijaisha.”

“Si waje hapa tuwape jua, watuachie mvua yao!”

Mimi sikucheka. Nilikwenda migombani nikapiga magoti, nikamwomba Mungu awape Waingereza jua la kutosha, wanogewe, wasirudi tena.

Mungu hakuwa na haraka, lakini alisikia. Nilipokuwa darasa la sita mkataba wao uliisha, wakaondoka moja kwa moja. Mama alirudi na begi lake lilelile, na ndani yake kopo la makombe ya baharini aliloachiwa na yule binti. Nilirukaruka barabarani kama mwendawazimu. Sasa hakuna wa kuninyang'anya, nilijiambia.

Kiangazi kilichofuata tulikuwa mikekani tukigeuza kahawa, bibi ameketi kivulini anapepeta maharage. Ghafla mama alisimama, mkono kiunoni, akatazama mawingu.

“Saa hizi wako baharini,” alisema. “Sijui mwaka huu wamepata jua.”

Uso ule niliujua. Ndio niliokuwa nao mimi jioni za Jumapili zile, alipopanda baiskeli kurudi kazini. Wivu ulinipanda, nikatamani kulitupa lile kopo chooni. Halafu huzuni ikaja juu ya wivu, kwa sababu mtu niliyemwombea miaka yote alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, na bado nilikuwa na hamu naye.

Akainama tena kwenye kahawa. Bila kugeuka, aliita nimpelekee ungo, na jina aliloita lilikuwa la yule binti. Wala mwenyewe hakusikia alivyoita. Bibi aliacha kupepeta, akanitazama.

“Abee, mama,” nikaitika, nikampelekea ungo.