Uzi wa Kamera ya Baba

Leo nimemuuliza mzee wangu swali moja tu, na chai yake imepoa kikombeni.

Si mnajua najifunza kupiga picha za maua kwa karibu? Basi nikatoa kamera yake ya zamani, ile ya filamu. Ndani ya mkoba nikapata uzi wenye fundo moja.

"Baba, huu uzi ni wa nini?"

"Wa kupimia."

Kumbe kamera hiyo haikuonyeshi kama ua litatoka wazi au na ukungu. Unavuta uzi kutoka kwa lenzi. Fundo likifika kwenye ua, unapiga.

Enzi za chama kimoja alipima waridi mbele ya ofisi fulani ya serikali hapa Eldoret. Askari wakamuuliza anapima nini.

"Ua."

Hebu niambieni, nani angeamini?

Wiki tatu ndani. Mama hakujua yuko wapi mpaka siku aliporudi.

Na mimi miaka yote nilidhani mzee hapendi maua tu!

Nikamwomba anishikie uzi, tupige ua langu la dahlia.

Alishika. Lakini kwanza aliangalia geti.