Rufaa ya Nicanor na Hotuba ya Matangani

Ukimpa Nicanor maikrofoni, umempa pombe. Fundi huyu wa mashine za hospitali, mzaliwa wa Rangwe, ni mpole siku zote isipokuwa penye vipaza sauti, na kwetu hakuna mazishi yasiyo na vipaza sauti.

Kwa miaka miwili aliandika programu ya kuunganisha mashine za oksijeni za zahanati za Mfangano. Moja ikianza kulemewa, yenyewe huziarifu nyingine kabla muuguzi hajajua. Kazi ya maana kabisa. Akaiombea hataza, ile hati ya serikali inayosema uvumbuzi ni wako na si wa mwingine. Akanyimwa. Alikuwa ameshautangaza hadharani mapema mno, na video ilikuwepo. Kwenye mazishi ya mume wa Teresa, jirani yake aitwaye pia Mama Valary, aliombwa aseme neno la faraja. Akaeleza programu kwa dakika arobaini, jeneza likimsikiliza.

Alikata rufaa. Wakili wake, Edinah, aliona njia moja tu: kuthibitisha kwamba waombolezaji hawakuelewa kitu, maana kisichoeleweka hakijatangazwa. Teresa akakubali kuwa shahidi. Jirani ni jirani.

Baraza la rufaa likaketi Homa Bay.

"Nani alielewa hotuba hiyo?" mwenyekiti akauliza.

"Hakuna mtu," Teresa akajibu. "Watu walikuwa wanangoja chakula. Wengine walilala."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Hata marehemu angeamka, angerudi kulala."

Edinah akatabasamu. Nicanor akaanza kutokwa jasho, nami simlaumu. Kuna ushindi unaouma. Akasimama.

"Mama Valary, si wewe uliniuliza stima ikipotea itakuwa aje?"

Teresa akamtazama wakili, kisha akaitazama Biblia aliyoapia.

"Niliuliza."

"Na nikakujibu nini?"

"Ati mashine inaweka ujumbe, stima ikirudi inatuma."

Mwenyekiti akaandika. Edinah akafunga faili.

Rufaa ilitupwa kabla ya chakula cha mchana. Nicanor aliketi kwenye ngazi za nje, jasho lake la miaka miwili sasa mali ya kila mtu. Teresa akaketi kando yake.

"Hiyo siku yote nililia," akasema. "Ni wakati ulikuwa unaongea tu nilinyamaza."

Nicanor akafuta uso.

"Kuna mahali sikumaliza."

Teresa akavua viatu, akamwambia aanze.