Wiki ya Kimya

Mie sitaki kuambiwa kwamba padre yule alikuwa mtu mwema. Alikuwa mwema, najua, jipu langu la paja alilikamua kwa mikono yake mwenyewe. Lakini nikimkumbuka damu inanichemka, na uzee huu haujanipoza hata chembe.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga huko Umwe, Mwislamu wa swala tano, na alinipeleka seminari ya mapadre, nje kidogo ya Kibiti, kwa sababu moja tu. Akida wetu alikuwa akituswaga kama mbuzi kwenye shamba la pamba la serikali, na kila baba alipokwenda bomani kulalamika, mkalimani ni akida yuleyule. Analalamika baba, anatafsiri akida, anachapwa baba. Siku moja akasema, "Nataka nyumba hii iwe na mtu wa kujibu mwenyewe." Ndugu zake wakamsema wee, kamuuza mtoto kwa makafiri. Hakuwajali. Nikakaa kule miaka mitatu mpaka Kijerumani kikanilainika mdomoni.

Mwaka wa nne shule ilifunguliwa mpunga ukiwa umeshaingia ghalani. Baba alinisindikiza, akakuta paa la bweni linaonyesha mbingu na wanafunzi wapya wanaingia kila kukicha na mikeka yao. Akabaki kuezeka. Siku tatu nzima alikuwa juu ya paa, na padre mkuu wa seminari, gombera tukimwita, chini anamshikia ngazi na kumpa makuti. Wakitaniana sana. Kiswahili cha padre kilimchekesha baba mpaka nusura ateleze.

Katika siku hizo tatu ndipo watu waliokunywa maji ya dawa walipoing'oa pamba yote Umwe na kuichoma nyumba ya akida. Baba alirudi akakuta majivu. Wiki haijaisha, askari hao mlangoni, na akida anamnyooshea kidole: huyu ndiye aliyewasha moto.

Sie seminari hatukuwa na habari. Kazi zilitujaa: kuwanyoa wageni vichwa, kuwafundisha kutandika vitanda, kukagua masanduku, kuwazoesha kengele. Nilikuwa mkuu wa bweni, natembea nimebenua kifua. Kisha yakaja mafungo. Kila mwaka wa masomo ulianza kwa siku tano za kimya, Jumatatu hadi Ijumaa. Husemi, hupokei mgeni, huvuki ua. Atakayevunja kimya, gombera alisema, atafunga virago arudi kwao.

Jumanne tulikuwa tunatoka kanisani kwa mstari, nikamwona mama nje ya ua. Miguu imejaa vumbi hadi magotini, mtandio kaushika mkononi.

"Mwanangu! Baba yako wamemfunga Utete! Wanasema yeye ndiye kachoma nyumba! Afisa ni mgeni, juzi tu kashuka melini, Kiswahili hakijui, na anayemtafsiria ni akida! Njoo, baba, njoo ukaseme alikuwa hapa!"

Mstari mzima ulisikia. Gombera alisikia, alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Nikamtazama. Akaweka kidole midomoni. Nami nikainamisha kichwa nikapita.

Ebo! Kijana mzima, ndevu zinaniota, mwenye miguu miwili na ulimi! Ua wenyewe wa fito, mbuzi angeuruka. Naapa wallahi, hasira yangu kwa padre ni nusu tu. Nusu ya pili ni juu yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo inayoninyima raha.

Mchana nilichukua ubao wangu nikaandika kwa Kijerumani: "Baba yangu alikuwa hapa. Wewe ulimshikia ngazi. Niruhusu, au andika barua." Nikaenda kumwekea mezani. Alisoma, akafuta kwa mkono wa kanzu yake, akaandika neno moja: Jumamosi. Baadaye alinieleza kwamba serikali ya watu waliostaarabika haimwui mtu bila kuuliza kwanza. Aliamini hivyo, lo! Aliamini kweli.

Mama alikaa palepale nje ya ua. Mpishi alimpelekea uji. Hakupiga kelele tena, alikuwa anasimama tu kila tunapopita, akidhani labda safari hii nitatoka. Mie nasoma sala zangu. Alhamisi asubuhi hakuwapo.

Jumamosi alfajiri kengele ikalia, watoto wakalipuka kwa makelele. Gombera akaja na barua tayari, mistari miwili na mhuri. "Kimbia, mwanangu," akaniambia. Sasa ndiyo nikimbie! Nilikimbia hadi Ikwiriri bila kunywa maji, nikateremka mtoni kutafuta mtumbwi wa kunivusha Utete. Mtumbwi ulikuwa unakuja, na mama yumo ndani.

Walimnyonga Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Mama alifika akakuta wameshamshusha.

Nilimpa barua. Akaigeuza huku na huku, akanirudishia.

"Ungemwambia nini yule Mzungu?" akaniuliza. "Niambie mie, kwa hicho Kijerumani chako. Kama ungemwambia yeye."

"Mama, hutasikia kitu."

"Sema."

Nikasimama pale mchangani nikasema. Kwamba huyu ni baba yangu. Kwamba siku ya moto alikuwa Kibiti, juu ya paa la seminari, akiezeka. Kwamba padre mkuu alimshikia ngazi, na aulizwe.

Mama alikuwa bado ananitazama mdomoni, anangoja.

"Basi?"

"Basi, mama. Ni hayo tu."

"Mafupi hivyo," akasema.