Kinyozi Hajinyoi, Hata Akiwa na Kioo

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kila ninaposhika spana, na kila nikiikumbuka uso unaniwaka moto. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nimekuzidi miaka kumi na minne tu, lakini mimi ni mdogo wake baba yako, na kwetu hilo linatosha kunifanya baba. Sasa umetimiza miaka kumi na minane, na umeniomba nikudhamini kwenye kilabu cha kulenga shabaha. Kabla sijatia saini, nataka ujue unadhaminiwa na nani.

Wakati ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi. Msemo wangu ulikuwa "kuuliza si ujinga", na niliuliza kila kitu, hata yale niliyokwisha kujibiwa. Kila Jumamosi mimi na Ami Faki tulipanda treni hapa London kutoka Kilburn hadi Stanmore, mwisho wa njia, na mwanachama mmoja akitupakia garini mwake mpaka uwanjani. Ami Faki umemwona kwenye picha za harusi ya baba yako: mzee wa Kipemba mwenye miwani minene, dereva wa basi aliyestaafu. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa karakana ya kilabu.

Kazi yetu siku hiyo ilikuwa kufunga breki, yaani kile kipande cha chuma chenye matundu kinachokaa mdomoni mwa mtutu ili bunduki isipige teke sana. Ami alikuwa na utaratibu wake. Kwanza unahakikisha bunduki haina risasi, na bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, unaitoa kabisa. Mtutu unabanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani. Breki unaizungusha kinyume kwanza, polepole, mpaka uhisi hesi, ile mizunguko ya skrubu, zimekaa sawa, ndipo unaikaza kwa vidole. Spana huja mwisho. Kisha unapitisha fimbo ya shaba iliyonyooka ndani ya mtutu, uone kama inatokea katikati ya tundu la breki. Halafu kadi. Aliyefunga anaandika herufi yake, na mtu mwingine anakagua upya kisha anaandika yake. Bila herufi mbili, bunduki haitoki karakanani.

"Kwa nini mbili?" nilimuuliza. "Spana ina kipimo, Ami. Kipimo hakina undugu."

"Kinyozi hajinyoi."

"Siku hizi anajinyoa. Vioo vimejaa."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Na kisogo je, bwana msomi? Kioo chako kinakuonesha kisogo? Chuo kimekufunza kuuliza, hakikukufunza kungoja jibu."

Bunduki yenyewe aliitumia Maua, nesi wa Tooting, mwanamke wa utani mwingi, na siku hiyo alikuwa akiwania nafasi katika timu ya kilabu. Adhuhuri ilipoingia, Ami akaenda kuswali chumba cha nyuma. "Kaza, lakini ningoje," aliniambia. Ni dakika kumi tu, mwanangu. Maua akachungulia mlangoni.

"Injinia, unafunga breki au unaposa? Wananiita!"

Hesi zilishika upande. Nilihisi ugumu mapema mno, nikajiambia ndiyo kukaza kwenyewe. Spana ikalia tak kwenye kipimo sahihi kabisa, kwa sababu spana hupima nguvu tu. Haijui kama chuma kimenyooka. Fimbo sikuipitisha. Nikaandika herufi yangu kwenye kadi. Kisha, kwa kalamu ileile, nikaandika F, nikaivuta mkia mrefu kama anavyoivuta Ami.

Maua akaichukua bunduki, na risasi yake ya kwanza ikagonga breki. Kipande cha chuma kikaruka, kikampasua Maua juu ya nyusi. Kingeshuka upana wa kidole, jicho lingekwenda. Msimamizi wa uwanja akasimamisha kila kitu, akaishika kadi. "F ni nani?"

Ami ndiyo kwanza alikuwa anatoka kuswali, mikono ya shati bado imekunjwa. Akaitazama kadi, kisha akanitazama mimi.

"Herufi hiyo ni yangu," alisema.

Hakusema kwamba ameiandika yeye. Alikuwa ameniachia mlango wazi niseme kweli mwenyewe. Viongozi wa kilabu wakamtaka atoe ufunguo. Aliuchomoa kwenye pete yake kwa taabu, kwa kucha zake fupi, na mimi nimesimama pale natazama viatu vyangu.

Kwenye treni tulikaa bega kwa bega. Nilitamani anitukane. Karibu na kushuka akasema, "Skiza. Breki mbovu nimeziona, na nyengine nimezifunga mie. Lakini wewe umeutumia mkono wangu, nami niko kwenye sijida."

Mficha uchi hazai. Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya wote nikasema nilichofanya. Maua, nyuzi tatu juu ya jicho, alinijibu, "Kukuharakisha nilikuharakisha. Kuandika hukuandikishwa na mtu." Nikafungiwa mwaka mzima, na Ami akarudishiwa ufunguo wake.

Nilidhani yamekwisha. Niliporudi, nikazikuta kadi ukutani. Ami alikuwa haandiki tena F. Aliandika jina lake zima kwa herufi za Kiarabu, herufi ambazo mimi msomi siwezi kuziiga. Kila Jumamosi niliisoma aibu yangu pale, na hakuna aliyenisemesha juu yake. Aliendelea kuandika hivyo mpaka alipofariki.

Basi mwanangu, uliza. Mimi bado nauliza, na sitakuambia uache. Lakini ukikuta utaratibu usioujua sababu yake, uufuate kwanza ndipo uubishie. Kazi ya mkono wako mpe mwingine aikague, hasa siku unapokuwa na hakika nayo. Jina la mtu usilitumie akiwa hayupo. Na ukikosea, sema saa ileile, kabla mwingine hajavua ufunguo wake kwa ajili yako.

Saini yangu nimeitia hapa chini. Ya pili kaombe kwa Maua, naye akuulize atakavyo. Mungu akulindie macho, akupe mkono mtulivu, na asikukoseshe mtu wa kukuangalia kisogo.