Debe la Mawe Meupe

Binti yangu anataka kokoto. Ua wetu hapa Kibomet hugeuka tope kila mvua ikianza, matofali ya kabro ya kutandika chini ni ghali, na yeye ameona kwenye simu jinsi watu wanavyopamba maboma yao: kokoto nyeusi njiani, nyeupe kuzunguka maua. Wiki iliyopita alinituma nikachague, maana anajua kwamba nyanya yangu alikuwa akiuza mawe na kwamba nilikulia katika kazi hiyo. Zaidi ya hapo, kuhusu mawe hayo, hajui kitu.

Muuzaji alikuwa mama mmoja aliyevaa buti za mpira. Aliponiona alichota maji kwenye ndoo akamwagia rundo lake, nalo likang'aa kama samaki.

"Chagua, mzee wangu. Hizi zitang'aa hivi mpaka Krismasi."

"Nionyeshe zilizokauka," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Ai! Huyu mzee si wa kudanganywa. Ulikuwa unauza nini wewe?"

Nilichukua kokoto kavu nikazisugua kiganjani kuona kama zinatoa vumbi, nikatazama kama zina kingo za kushikana zikikanyagwa au ni za kuteleza tu. Kisha akafungua gunia lililokuwa pembeni. Ndani mlikuwa na mawe meupe, ya mviringo, ya mtoni. "Haya ndiyo ya maua," akasema. Nilishika moja. Nikalirudisha, nikamwambia anipakilie zile nyeusi zilizopondwa kwa mashine peke yake. Binti yangu alipiga simu jioni, hasira zimempanda: "Baba, si nilisema nyeupe? Ama hukunisikia?" Nikamwambia sikumsikia.

Wewe nitakueleza, rafiki yangu, kwa sababu nimezeeka na jambo hili halijazeeka.

Nilikulia Tongaren kwa nyanya yangu, tulipokuwa bado wageni kwenye skimu ya kugawiwa mashamba na mahindi yalikuwa yakipandwa mahali palipokuwa na nyasi tupu. Asubuhi nyumba ilinuka moshi wa magunzi na uji wa wimbi. Kiangazi, maji ya Nzoia yalipopungua, tulishuka mtoni mimi na yeye, kila mmoja na debe lake. Nyanya alikunja nguo hadi magotini, akaingia majini huku akiguna kwa baridi, akapapasa chini kwa nyayo kabla ya kuinama. Miguu yake ndiyo iliyochagua. Kando ya mto tulisikia tu sauti ya mawe yakidondoka ndani ya debe, kwanza kwa kishindo, halafu kwa sauti nzito kadiri debe lilivyojaa.

"Usilipende jiwe likiwa na maji," alikuwa akiniambia. "Lianike kwanza. Likikauka ndio ulitazame."

Tulianika mawe juu ya magunia nyuma ya jikoni. Ya kijivu yakaenda huku, yenye mistari kule, yaliyopasuka yakatupwa. Lori lilikuja kutoka Kitale kuyachukua, kwa ajili ya watu waliokuwa wakijenga nyumba nzuri mjini na kutaka vijia vya mawe mbele ya mlango. Lakini yale meupe kabisa nyanya hakuyauza. Aliyafunga kwenye leso, akayabeba mpaka shambani, akayapanga juu ya kaburi la mtoto wake.

Huyo alikuwa kitinda mimba wake. Alikuwa shangazi yangu, ingawa nilimzidi umri na nilikuwa nikimbeba mgongoni. Homa ilimchukua msimu wetu wa kwanza pale, kabla hajajua kutamka jina langu sawasawa. Alizikwa kwenye ukingo wa shamba la mahindi. Hatukuwa na saruji wala msalaba wa kudumu. Tulikuwa na mawe yale tu, duara moja dogo, jeupe, ambalo ungeliona hata ukiwa njiani.

Lori lilikuwa na msimamizi wake, mtu wa mdomo mwingi aliyeniita Profesa kwa sababu nilikuwa na kitabu kimoja cha shule nisichokiacha. Siku moja alikuja wakati nyanya amesafiri kwenda Bungoma kumwuguza binti yake aliyejifungua. Msimamizi akatazama mawe yetu ya kijivu akatikisa kichwa.

"Profesa, nyeupe mnaficha wapi? Mnatengenezea meno?"

Nikasema hatuna.

"Basi tafuta. Nikirudi kesho nikute debe moja la nyeupe, nitakuletea mkate wa Kitale. Mzima. Wako peke yako."

Huenda wewe hujui mkate ulikuwa nini kwetu. Tuliuona Krismasi, umekatwa vipande vyembamba, kila mtu kimoja. Nilishuka mtoni mchana ule, nakuapia, nilishuka. Nilipapasa maji mpaka vidole vikafa ganzi, nikapata mawe meupe yasiyojaza hata kofia. Nikapanda tena kilima, nikapita jikoni, nikaenda shambani. Nilijiambia nitayarudisha mengine kabla nyanya hajarejea. Debe lilijaa upesi sana.

Mkate niliula ndani ya mabua ya mahindi, peke yangu, nikiupasua kwa mikono. Ulikuwa mtamu. Ningependa kukuambia ulinikwama kooni, lakini nitakuwa naongeza uongo mwingine.

Mvua ikawahi mwaka ule. Nilikuwa shuleni siku mtu wa ng'ombe alipokuja kulima kama alivyoagizwa na nyanya kabla hajaondoka. Aliona ukingo wa shamba hauna kitu, akapitisha plau moja kwa moja. Niliporudi, udongo wote ulikuwa mwekundu, umepinduliwa, mistari imefanana. Nilisimama pale na kitabu changu. Sikujua tena kaburi lilikuwa wapi.

Nyanya aliporejea kutoka Bungoma hakupiga kelele. Alivua viatu, akaingia shambani, akaanza kutembea polepole akipapasa udongo kwa nyayo, kama alivyofanya mtoni. Alifanya hivyo siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne alikwenda kwenye ua wa jirani yetu, mama ambaye naye aliuza mawe kwa lori lile lile.

"Mawe ya mtoto wangu umeyapeleka wapi?"

"Ati mimi?" Jirani alikuwa na ungo mkononi, mahindi yakamwagika. "Mimi niibe mawe ya kaburi? Si mimi ndiye nilimwosha huyo mtoto, we mama? Si ni kwa mikono hii?"

"Hiyo mikono ndiyo nauliza."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyanya, nimeshika nguo yake. Jirani alinitazama. Sijui kama alijua. Akainama, akaanza kuokota punje moja moja. Tangu siku hiyo hawakuombana moto wala chumvi, na walikaa wamepakana kwa miaka yote iliyobaki. Jirani alikufa akiwa mwizi. Ningeweza kumwosha kwa neno moja. Nililiweka mdomoni mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka likawa zito zaidi kutoka.

Nyanya aliugua nikiwa nimemaliza kidato cha nne na nimeshapata kazi ya ukarani Kitale. Nilipofika aliwaambia wote waliokuwa chumbani, kwa sauti isiyotetemeka, "Mnizike karibu na mtoto wangu." Kisha akanitazama, akasema, "Huyu anapajua."

Alfajiri ya mazishi, ami yangu, ambaye hakuwapo mtoto alipozikwa, alinipeleka shambani pamoja na wachimbaji.

"Wewe ndiye ulikuwa ukienda naye. Ni wapi?"

Watoto wa kwetu tuliambiwa kwamba ukionyesha kaburi kwa kidole, kidole kitaoza, na aliyesahau aliking'ata haraka ili kisioze. Mimi nilinyoosha kidole. Sikuking'ata, kwa sababu nilijua hakuna kaburi pale.

"Hapo."

"Hapo hapo, ama karibu na hapo?"

"Hapo kando. Upande wa kushoto ndiko mtoto aliko."

Wakachimba. Nilibaki nimesimama. Kila jembe liliposhuka nilitamani lipige jiwe moja jeupe lililobaki, lolote, lakini udongo ulitoka safi. Mchimbaji mmoja akajipangusa jasho, akamwambia mwenzake, "Kama kuna mtu alizikwa huku, bana, basi alizikwa bila kuchimbiwa. Huu udongo haujawahi kuguswa." Ami yangu alimsikia. Alinigeukia, akanitazama kwa muda mrefu, na mimi nikaangalia viatu vyangu vya mjini. Akasema, "Endeleeni."

Mwanamke yule aliomba kitu kimoja tu maishani mwake, alale na mtoto wake, nami nilipata nafasi mbili za kusema ukweli. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, na ukipenda unisamehe. Mara ya pili nilikuwa mtu mzima niliyevaa tai.

Siku hizi mto umechimbwa na matingatinga ya mchanga, na pale tulipoanika mawe hapana jikoni wala magunia. Ami alipofariki wanawe waliuza shamba. Mnunuzi ameng'oa ua, analima yote kwa trakta, na hata kaburi la nyanya limebaki kipande cha saruji kilichozungukwa na mahindi ya mtu mwingine. Desemba tunapopita na wajukuu, gari hupunguza mwendo, nao hubandika nyuso kwenye kioo. "Kuka," huniuliza mimi babu yao, "na yule mtoto wa kukhu, nyanya yako, alizikwa wapi?" Nawajibu kwamba sijui. Kuhusu mahali pale, hilo ndilo neno la kweli pekee ambalo nimewahi kulisema.