Babu Aliponyamaza

Jana mume wangu aliimba hapa uani Kasulo, wimbo mzima wa kanisani, nami nikimenya ndizi. Kisu kikanitoka mkononi. Tangu aanguke mwezi uliopita hawezi kuniomba hata maji. Nikamkumbuka babu.

Shule niliishia darasa la pili, na nyumba hii ya matofali sikujengewa na mtu. Sipambi maneno. Haya niliyaona.

Babu, mzaa baba, alimfokea mama kwa sababu ya mbuzi aliyekula miche ya kahawa. Alifoka hadi mishipa ikamtoka shingoni. Kesho yake akaamka mkono wa kulia umelegea, hasemi. Ukimwamkia shikamoo anajibu marahaba, basi. Lakini Jumapili kanisani aliimba beti zote, sauti imenyooka.

Shangazi, dada yake baba, akapata la kusema.

"Kanisani anaimba, nyumbani bubu! Wifi, umesusiwa. Mzee hafungui mdomo mpaka utoke hapa."

Baba alikuwa mtu wa kusukumwa na dada yake. Akamwambia mama arudi kwao Mabawe. Mama akafunga nguo zake kwenye kitenge, mimi nimeng'ang'ania sketi yake, kamasi na machozi mamoja. Akapiga magoti mbele ya babu.

"Shikamoo, baba. Ninakwenda. Unisamehe."

"Marahaba." Kisha babu akaukamata ule mzigo kwa mkono wake mzima. "Jembe," akasema. "Jembe! Jembe!" Machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nikadhani anataka mama abaki alime. Shangazi akavuta mzigo, babu akavuta, mzee akamshinda. Baba akauchukua, akaurudisha ndani bila kumtazama dada yake.

Sasa daktari, kijana wa umri wa mjukuu wangu, ameniambia damu iliziba upande wa kushoto wa ubongo wa mume wangu, na huko ndiko maneno yanakotafutwa. Wimbo na salamu za mazoea zina njia nyingine.

"Bibi, hajakususia," akasema. "Anatafuta neno maji, linatoka jingine."

"Hilo jingine nalijua," nikamjibu. "Kwa babu yangu lilikuwa jembe."

Mpaka babu anazikwa, mama alimpakulia yeye kwanza, akishukuru kwamba amesamehewa. Mama naye alikufa hivyo hivyo, akishukuru. Kumbe babu hakuwa amemsusia hata siku moja. Mama yangu aliishi na kosa ambalo halikuwapo.