Jilala na Mlio wa Msumeno

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyeruhusiwa kukaza msumeno wa mkanda katika karakana ya mgodi, huko Geita, isipokuwa Jilala. Ulikuwa utepe mrefu wa chuma wenye meno, umevishwa kwenye magurudumu mawili, nao ulikata reli na mabomba. Jioni Jilala aliulegeza kwa spana yake upumzike, asubuhi akaukaza tena. Vipimo hakuvijali. Aliugonga kwa ukucha, kama mpiga zeze anavyojaribu uzi wake, akatega sikio; ukilia anavyotaka, basi. Alijivunia sikio lake hilo, tusifichane.

Mwaka ule wa 1954 jambo moja tu lilimkera: adabu ilikuwa imekwisha duniani. Vijana wa karakana hawakumwamkia tena. Wasichana wa kisimani nao walimwacha apite hivihivi, naye akawa anapita amekaza uso mbele, hawatazami. Alipomlalamikia mkewe, Kijakazi, mama wa watu alimkodolea macho tu.

Jumatatu moja asubuhi, mashine ikiwa imezimwa, aliugonga msumeno asisikie kitu. Akajua umelegea. Akazungusha gurudumu la kukazia, akagonga. Kimya. Akazungusha tena. Mikono ilimwambia chuma kimefika mwisho, lakini tangu lini mikono ikajua kuliko sikio la Jilala? Akazungusha mara ya tatu.

Utepe ulikatika pale ulipoungwa. Ukaruka, ukachapa hewani, ukaondoka na kofia ya Donatus, mwendesha mashine, aliyekuwa anamkimbilia kwa nyuma. Kofia ilianguka imepasuka vipande viwili. Kichwa, Mungu mkubwa, kilibaki shingoni, na damu kidogo ikichuruzika kwenye paji.

Jilala aligeuka, akamwona. Alimpapasa Donatus kichwa, akampapasa tena, kana kwamba hayaamini macho yake.

"Baba Bujiku!" Donatus alimpigia kelele usoni, akimwita kwa jina la mwanawe. "Nimekuita tangu mlangoni! Mbona uliendelea kukaza? Msumeno ulikuwa unalia mpaka nje!"

"Ulikuwa unalia?"

"Tangu ulipougonga mara ya kwanza!"

Jilala aliduwaa. Aliwatazama wenzake waliokuwa wamekusanyika, akaona midomo yao ikienda, na wala hakusikia wanachosema. Hofu aliyoipata hapo ilizidi ile ya chuma kuruka. Akaitoa spana mfukoni, akamtia Donatus mkononi.

"Kaza wewe kuanzia leo, ng'wanawane, mwanangu. Mimi nusura nikuue."

Donatus alikataa, akairudisha. Jilala akamfumba vidole juu ya spana, akatoka.

Njia ya nyumbani ilipita kisimani. Wasichana walewale walikuwapo na ndoo zao. Safari hii aliwatazama. Mmoja akapiga goti, midomo ikacheza. Wa pili akapiga goti. Wa tatu, mdogo kuliko wote, naye vilevile, bila haraka, kama watu wanaofanya jambo la kila siku.

Jilala alisimama palepale. Kumbe siku zote zile!

"Marahaba," akasema. "Marahaba, wanangu. Marahaba."

Yule mdogo alishtuka kujibiwa, ndoo ikamponyoka. Ilikuwa ya bati. Jilala aliiona ikipiga mawe, ikidunda, ikibiringika mpaka miguuni pake, na yote hayo kimya kabisa.